Usiachie Kabla Mwenzako Hajashika: Somo la Pesa Kutoka Likizo ya Wajukuu Sita

Kama una wajukuu, au una mama mwenye wajukuu, unajua Agosti ni mwezi wa namna gani. Shule zinafungwa, mabegi yanashushwa kutoka kwa matatu, na boma lililokuwa kimya tangu Aprili linajaa kelele. Unga uliokuwa ukikaa wiki mbili unaisha kwa siku nne. Na kila asubuhi kuna swali moja tu: "Shosho, leo tunaenda wapi?"

Kwa mama yangu, anayeishi nje kidogo ya mji wa Nakuru, walifika wajukuu sita. Mdogo ana miaka 5, mkubwa ana 14. Wazazi wao ni watu watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na dada yetu mdogo. Mpango ulikuwa rahisi. Kila Jumamosi ya mwezi, watoto watolewe nyumbani waone kitu, na gharama tugawane sisi watatu.

Rahisi kusema. Desemba iliyotangulia tulijaribu hivyo hivyo na karibu tugawanyike kama familia.

Shilingi 3,800 zilizokosa mwenyewe

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Desemba ile kila mtu alituma pesa alivyoweza. Kaka alituma nusu kwa mama na nusu kwangu. Dada alileta kesh. Mimi nililipa vitu vingine kwa simu yangu na vingine nikasahau kuandika. Likizo ilipoisha tukakaa chini kupiga hesabu, na shilingi 3,800 hazikujulikana zilikoenda.

Hakuna aliyeiba. Nina hakika mpaka leo. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha, na hapo ndipo sumu ilipo. Kaka hakusema neno. Alinyamaza tu, na Pasaka hakuja. Watoto wake wawili hawakuwaona binamu zao. Mdogo wangu wa kiume aliniuliza, "Mbona hawajakuja?" Unamwambia nini mtoto wa miaka 7? Kwamba watu wazima wamenuniana kwa sababu ya 3,800?

Mwezi wa Julai mama alitupigia simu mmoja mmoja. Hakutugombeza. Alisema, "Agosti wajukuu wangu wote watakuja. Pesa nitashika mimi, na sheria nitatoa mimi. Asiyetaka aseme sasa." Nani angesema?

Sheria nne za mama

Mama hakusomea uhasibu. Aliuza mboga sokoni miaka mingi, na chama chake cha akina mama hakijawahi kuvunjika. Sheria zake zilikuwa hizi.

Ya kwanza, mfuko mmoja. Ana laini ya pili, imesajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake, ambayo haitumii sana. Pesa zote za likizo ziingie hapo, na hakuna pesa nyingine ya kuingia hapo. Ya maziwa na ya chama zikae kwenye laini yake ya kila siku.

Ya pili, tarehe moja. Kila mmoja atume shilingi 12,000 kufikia tarehe 31 Julai, na atume mara moja. Hapa mama alikuwa na akili kuliko sisi, kwa sababu ada ya kutuma hupangwa kwa viwango. Ukigawa kiasi kimoja vipande vinne, mara nyingi jumla ya ada inakuwa kubwa kuliko ungetuma mara moja. Kabla ya kutuma, angalia bei za sasa kisha ujipigie hesabu mwenyewe.

Ya tatu, kila ujumbe wa malipo upelekwe kwenye grupu ya familia siku hiyo hiyo. Sio kesho. Mama pia aliandika kwenye daftari la kurasa 48, kwa kalamu, kwa sababu alisema simu huanguka chooni lakini daftari halianguki.

Ya nne, PIN ni yake. Mjukuu anaweza kumsomea ujumbe, anaweza kumshikia simu, lakini ikifika PIN anageuka upande. Hata yule wa miaka 14 anayejua simu kuliko sisi sote.

Basi tarehe 31 Julai laini ya mama ilikuwa na shilingi 36,000. Kaka alituma wa mwisho, saa nne usiku, bila salamu. Lakini alituma.

Jumamosi ya kwanza: Menengai

Tulianza karibu na nyumbani. Menengai ni ule mlima unaouona ukiwa Nakuru mjini, lakini ukifika juu unagundua si mlima wa kawaida. Ni ukingo wa shimo kubwa lililobaki baada ya volkano kuporomoka, na upande wake mrefu ni takriban kilomita 12. Watoto walisimama mbali na ukingo, kila mkubwa ameshika mkono wa mdogo, wakapiga kelele kusubiri mwangwi. Aliyependa zaidi ni mama. Ameishi chini ya mlima huo miaka yote na hakuwahi kupanda.

Siku hiyo nilitaka atoe kesh kwa wakala ili "tuwe na pesa mkononi". Mama alikataa. Kutoa pesa kuna ada, na kesh ikishatoka haiachi alama. Ndivyo 3,800 zilivyopotea. Tulilipa kwa till kila palipokuwa na till, na mteja kwa kawaida halipi ada akinunua kwa till. Paybill ni tofauti kidogo: ada inaweza kuwa ya mteja, ya biashara, au wakagawana, kulingana na mpango ambao biashara imechagua. Mama wa mahindi choma hakuwa na till, kwa hivyo tulimtumia kwa namba yake na ujumbe ukabaki. Hata mahindi yaliingia kwenye hesabu.

Jumla ya siku, pamoja na ada: shilingi 4,200.

Jumamosi ya pili: Ziwa Nakuru

Hii ndiyo iliyokula pesa nyingi, kwa sababu tulihitaji gari la kutuzungusha ndani ya mbuga. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru iko mlangoni kwa watu wa mji huu, lakini kati ya wale wajukuu sita ni mmoja tu aliyewahi kuingia, tena na shule. Waliona vifaru wakilala kama mawe, twiga, na nyati wengi. Pia waliona miti iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010 na kumeza sehemu za nchi kavu, hata lango kuu la zamani. Mama alikumbuka lilipokuwa na akaonyesha kwa kidole, pale kwenye maji.

Tiketi za mbuga za serikali hazilipwi kwa kesh getini. Unalipa mtandaoni kupitia eCitizen. Tulifanya hivyo Ijumaa usiku tukiwa mezani nyumbani. Hilo ni jambo dogo lenye faida kubwa. Ukilipia getini, kuna foleni nyuma, watoto wanalia, jua linagonga skrini huoni kitu. Nyumbani una muda wa kusoma. Ukilipa kwa Paybill, kuna vitu viwili vya kuangalia, na wengi huangalia kimoja tu: namba ya biashara na namba ya akaunti. Ukikosea akaunti, pesa inafika kwenye biashara sahihi lakini haijulikani ni yako. Mjukuu mkubwa alisoma namba kwa sauti, mama akaandika, kisha mama akasoma na mjukuu akaangalia. Dakika moja zaidi, basi.

Jumla ya siku: shilingi 13,800.

Jumamosi ya tatu: Baiskeli za Hell's Gate

Hell's Gate, kule Naivasha, ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli huku wanyama wakila nyasi pembeni. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1984. Ukiingia kwa lango la Elsa, baada ya muda mfupi unafika Fischer's Tower, mnara wa mwamba wa volkano uliopewa jina la Gustav Fischer, mpelelezi Mjerumani aliyepita hapo mwaka wa 1883. Mjukuu wetu wa miaka 9 alitaka kujua Wamaasai waliuita nini kabla Fischer hajapita. Swali zuri. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu.

Nje ya lango tulikodi baiskeli. Kijana wa baiskeli alitaja namba ya till kwa haraka, mama akaandika, na kabla hajaweka PIN jina likatokea kwenye skrini. Lilikuwa jina la duka la dawa.

Mama alisimama. "Kijana, wewe unauza dawa?"

Kijana akacheka. "La, mama." Wakarudia namba taratibu. Tarakimu moja ilikuwa imeandikwa 6 badala ya 9. Labda yeye alikosea kutaja, labda mama alikosea kusikia. Haidhuru. Jina lile liliokoa pesa, kwa sababu mama alilisoma. Wengi wetu tukiona jina tunabonyeza tu, kama mtu anayekubali masharti asiyoyasoma.

Watoto waliendesha hadi wakachoka. Pundamilia walikuwa karibu mpaka yule wa miaka 5, aliyebebwa nyuma na kaka yangu, alinong'ona ili asiwaamshe. Ndiyo, kaka alikuja siku hiyo. Hakuongea sana nami, lakini alikuja.

Jumla: shilingi 11,400. Kwenye laini ya mama zilibaki 6,600.

Ndani ya matatu tukirudi, watoto waliamua Jumamosi ya mwisho itakuwa ya mashindano. Mbio za baiskeli, za kupokezana.

Jumamosi ya nne: Mbio

Baiskeli zilikuwa mbili, zote za jirani. Timu mbili, watoto watatu kila timu. Njia ilitoka kwenye geti la mama hadi mti wa mugumo ulio karibu na kanisa, na kurudi. Ni njia ya vumbi isiyo na magari mengi, na kaka alisimama kwenye kona kuzuia pikipiki. Badala ya kijiti, kila timu ilipewa leso ya kushika mkononi. Ukirudi unashuka, unampa mwenzako leso, anapanda, anaenda.

Ugumu haukuwa kuendesha. Ugumu ulikuwa pale getini. Mtoto mrefu anashuka, mfupi anapanda, kiti kiko juu, lazima mtu akishushe. Na wote wanapiga kelele, "Haraka! Haraka!" Kwenye raundi ya kwanza, mvulana wa miaka 7, wangu, alirusha leso kabla binamu yake hajashika. Upepo ukaichukua ikaingia kwenye ua wa miiba. Binamu, yule msichana wa miaka 11, akaruka kuitafuta, akaanguka, goti likachubuka. Timu yao ikashindwa waziwazi.

Mama, aliyekuwa mwamuzi kwenye kiti cha plastiki, akasimama. "Sikilizeni nyote. Hapa hakuna aliyeshindwa kwa miguu. Mmeshindwa kwa mikono. Usiachie kabla mwenzako hajashika! Mpaka uhisi amevuta." Akaamuru mbio zirudiwe. Msichana wa goti akaketi karibu naye, na kaka akachukua nafasi yake kwenye timu.

Mbio zilikuwa zimeanza tena, kelele juu, simu ya mama ikalia. Ujumbe: umepokea shilingi 3,500. Chini yake jina la mtu asiyemjua na salio jipya. Haikupita dakika, simu ikaita. Mwanaume, sauti ya kulia. "Mama, nisaidie, nimekutumia pesa kimakosa. Ni ya hospitali, mtoto wangu yuko kitandani, wanataka sasa hivi. Nirudishie tafadhali, Mungu akubariki."

Mama yangu ni mtu wa huruma. Na alikuwa amezungukwa na watoto sita wake mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye Tuma Pesa, na namba alikuwa ameshaiandika.

Kwenye laini hiyo zilikuwa zimebaki shilingi 4,000, kwa sababu nyama ilinunuliwa Ijumaa kwa 2,600. Fikiria kama 3,500 zingetoka. Jioni hesabu ingefanywa. Kaka yuko pale. Mwaka wa pili, pesa za familia zimepotea tena, karibu kiasi kile kile. Nani angeamini hadithi ya mwanaume aliyelia kwenye simu?

Msichana wa goti ndiye aliyekuwa ameshikilia miwani ya nyanya yake. Akauangalia ujumbe. "Shosho, hii imetoka kwa namba ya mtu. Zile zingine hutoka kwa jina la kampuni."

Mama akasita. Akamwambia yule mwanaume, "Ngoja kwanza." Yeye akapaza sauti, mtoto anakufa, mama fanya haraka. Neno hilo hilo, haraka. Mama akafungua menyu, akaweka PIN, akaangalia salio. Shilingi 4,000. Zile zile. Hakuna kilichoingia.

"Mwanangu," mama akasema, "kama umekosea, piga huduma kwa wateja. Wakikurudishia mimi sina neno."

Simu ikakatwa.

Somo kwa kila anayeshika simu

Pesa ya familia hupita mikono mingi: mtoto kwa mama, mama kwa till, kaka kwa dada. Mara nyingi haipotei ikiwa mfukoni mwa mtu. Hupotea inapopokezanwa, kama leso pale getini, na hasa mtu akisema haraka. Kwa hivyo:

Ukipata ujumbe wa pesa usizozitarajia, usiamini ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kupitia menyu au programu ya simu. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina la huduma, si kwa namba ya mtu binafsi, na salio linalotajwa linalingana na lako.

Kama pesa imeingia kweli kimakosa, usiitumie na usiirudishe mwenyewe. Mwambie aliyetuma aombe irudishwe kupitia kampuni. Kuna matapeli wanaotuma pesa halisi, wanakuomba uirudishe kwa namba nyingine, kisha wanaomba kampuni irudishe ile ya kwanza. Wewe unalipa mara mbili.

Kama wewe ndiye uliyekosea kutuma, usianze kubembelezana na uliyemtumia. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji ni rahisi kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu.

Soma jina kabla ya PIN, kila mara, hata kama ni duka unalolijua.

Hakuna mfanyakazi wa kampuni atakayekuuliza PIN yako. Anayeuliza si mfanyakazi.

Na kama umeshatapeliwa, usione aibu ukanyamaza. Piga simu upesi, kisha uripoti kwa polisi. Wanaotapeliwa si wajinga. Mara nyingi ni watu wenye huruma walioharakishwa.

Hesabu ya mwisho

Mbio zilishindwa na timu ya yule yule mvulana wangu. Safari hii alingoja. Alishikilia leso mpaka baba mkubwa wake alipoivuta, ndipo akaachia, na kaka yangu, mwanaume wa miaka 46 kwenye baiskeli ya mtoto, magoti yakigonga mikono, akaenda kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Jioni, baada ya nyama, mama alifungua daftari. Menengai 4,200. Ziwa 13,800. Naivasha 11,400. Siku ya mbio, pamoja na soda, bandeji, na fundi wa kuziba pancha, 4,100. Jumla 33,500. Salio 2,500. Akazungusha simu, kila mtu aone. Daftari na simu zilisema kitu kimoja.

Kaka aliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha akanirudishia simu na kusema, "Hizo 2,500 ziache hapo hapo. Ni za kuanzia Desemba."

Akaniuliza kama kuna chai imebaki. Ilikuwepo.